Re: Krediti 12, masomo ya mtandaoni na I-20 (hati ya chuo ya viza ya mwanafunzi)

Binti Langoni (Ohio):
Asalaam aleykum nduzangu. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapa chuoni yasema niko chini ya krediti 12 za lazima. Nina masomo manne ya krediti 3: kuchora kwa mkaa, ufinyanzi, na historia ya sanaa mawili. Hesabu imetimia, ila yale ya historia yote ni ya mtandaoni, na sisi wa F-1 (viza ya mwanafunzi Marekani) somo la mtandaoni twahesabiwa moja tu. Aliyenipangia ni mshauri wa idara! Kuongeza masomo kumeshafungwa. Niombe RCL (ruhusa ya kupunguza masomo), au niingie somo linaloanza katikati ya muhula?

Mkomani:
Pole dada. Hayo yalinifika mwaka wa pili. Studio wanakuonea: saa 6 darasani kila wiki, krediti 3, na usiku uko pale wangoja tanuri lipoe. Omba RCL, wanatoa.

Mzee wa Matondoni:
Wanatoa wapi? Usimpoteze mtoto wa watu. RCL ya masomo ina sababu zake: Kiingereza kukushinda mwanzoni, mafundisho usiyoyazoea, au kuwekwa somo lisilo la kiwango chako. DSO (afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni) aidhinishe kwanza, na usishuke chini ya krediti 6. Mshauri kukosea hakumo. Na wewe mwanangu, historia ya sanaa ya nini? OPT yake (ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo) miezi 12 basi. Ile nyongeza ya miezi 24 ni ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Mkomani:
Mzee, nani kauliza OPT?

Wa Malindi (Leeds):
Huku Uingereza hakuna krediti 12, sisi ni CAS (hati ya chuo ya kuombea viza) na mahudhurio. Nami nilisoma historia ya sanaa. Muhula mzima Florence, Florence, mlango wa Lamu hata kwenye tanbihi haumo. Nilimwonyesha mwalimu picha ya zidaka (vishubaka vya ukutani) za nyumba ya bibi yangu, akauliza kama ni Morocco. Siwa ya Lamu, lile baragumu la pembe ya ndovu, ndiyo kabisa, hajapata kuisikia.

Binti Langoni:
Ahsanteni, lakini DSO ataka jibu Ijumaa. Hilo somo la katikati ya muhula lahesabika?

Mpate:
Siwa ya pembe ni ya PATE. Ya Lamu ni ya shaba. Kukaa kwenye makumbusho ya Lamu hakuifanyi yenu. Hili tutalirudia mpaka lini?

Mzee wa Matondoni:
Gombanieni siwa, bahari ishakwenda na bandari mpya ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Waulizeni wa Matondoni walivyozungushwa. Mji wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2001, na kijana wa fundi wa milango yuko Mokowe kule bara na bodaboda. Huyo ndiye angepelekwa Ohio, mikono anayo tayari.

Mkomani:
Hapo nakuunga mkono mzee. Mwalimu wangu wa uchongaji aliona patasi ya marehemu babu akataka kuinunua. Nikamwambia haiuzwi.

Mpate:
Patasi ya babu yako ilitengenezwa Siyu, kisiwani kwetu Pate, bila shaka.

Mkomani:
Haya, umeshinda. Kuna anayeshuka Lamu kwa Maulidi? Nina mzigo wa kilo 5, rangi na brashi za mpwa wangu. Chupa za rangi zifungwe vizuri, safari iliyopita zilivuja kwenye kanzu za mtu na maneno hayajesha.