Mfumo wa dagaa Mwaloni ulipimwa kwa wastani, na wauzaji wamelala na mizigo

Wakuu, nimevumilia wiki mbili, leo nimeshindwa.

Mimi ni fundi wa mtandao hapa Mwanza. Pale Mwaloni, Kirumba, uliletwa mfumo mpya kwa wauzaji wa dagaa: gunia linapimwa, karani anaingiza kilo kwenye simu, muuzaji anapata ujumbe, malipo yanafuata. Wazo zuri, na mimi ni mmoja wa waliolipigania. Mzabuni akatuletea ripoti kwamba mfumo umefanyiwa majaribio ya mzigo, yaani kupima kama seva (kompyuta kuu inayopokea maombi ya simu zote) inahimili wingi wa maombi, na umefaulu. Mzigo wa kwanza wa dagaa wa giza (siku zisizo na mbalamwezi) ulipofika, boti za Ukara na Ukerewe zimegati, soko limejaa, saa moja na nusu asubuhi mfumo ukaganda. Ukakaa hivyo mpaka saa sita mchana. Mama mmoja akanifuata na simu mkononi: "Mwanangu, nimebonyeza mara tano, gari la Kahama linaondoka, hela yangu iko wapi?" Nikamwambia nisamehe mama, sina jibu. Alilala sokoni na magunia yake, na usiku ule mvua ilinyesha.

Kinachoniuma ni kwamba trafiki halisi, yaani kumbukumbu ya mawasiliano yanavyopita mtandaoni, watu wa mzabuni walikuwa nayo. Niliwapa mimi mwenyewe. Kabla ya huu kulikuwa na mfumo mdogo wa kuandikisha mizigo tu, na nilinasa trafiki yake kwenye swichi (kifaa kinachounganisha mtandao) kwa tcpdump, programu ya kunasa mawasiliano, wiki tano mfululizo. Nilichukua vichwa vya pakiti (vile vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo) peke yake na anwani zote nikazibadilisha, kwa sababu ile ni biashara ya watu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Saa ya kuanza, ukubwa na muda wa kila muunganisho vilibaki, na kwa kazi ya kutengeneza mzigo wa majaribio hivyo vinatosha.

Kwa nini wiki tano? Kila mtu wa ziwani analijua jibu. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, wavuvi wengi wanapumzika. Giza likirudi wanaingia ziwani, dagaa wanaanikwa, halafu mizigo inashuka Mwaloni kwa pamoja. Ukitaka kuijua trafiki ya soko hili, lazima unase mwezi mzima wa angani na ziada kidogo. Niliwaandikia hayo, nikayasema tena kwenye kikao.

Wao walikata siku tatu. Faili zilikuwa kubwa, wakasema. Na siku zenyewe ziliangukia kwenye mbalamwezi, soko limelala! Wakajumlisha maombi, wakagawa kwa sekunde, wakapata wastani, kisha wakaandika programu inayotuma idadi ileile kila sekunde, kutoka kompyuta iliyochomekwa kwa waya chumba kimoja na seva.

Hapo kwenye waya ndipo walipoua kila kitu. Kuna kanuni ya Little ya hesabu za foleni, ilithibitishwa 1961, hesabu ya kuzidisha tu: walio ndani kwa wakati mmoja ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Maombi 100 kwa sekunde, kila moja likikaa sekunde 0.05, ndani wako 5. Maombi hayohayo 100 yakitoka kwenye simu zilizosongamana chini ya mabati, zote zikigombea mnara mmoja, kila moja likikaa sekunde 4, ndani wako 400. Seva yetu ilikuwa imewekewa mwisho wa miunganisho 200 kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hata ule wastani wao mdogo ungetosha kuiangusha, kama wangeweka tu ucheleweshaji uliokuwa umeandikwa kwenye faili zangu. Ulikuwa umeandikwa pale, pakiti kwa pakiti!

Na hili si jambo jipya. Erlang, mwanahisabati wa Denmark, alichapisha hesabu zake za simu pale Copenhagen mwaka 1909, na kwa simu za mtu mmoja mmoja, asiyemtegemea mwenzake, zilifaa. Lakini Leland wa Bellcore, kampuni ya utafiti wa simu Marekani, na wenzake walionyesha katika makala yao ya 1994 kwamba trafiki ya Ethernet, yaani mtandao wa waya kama wa ofisini, haitulii hivyo: uitazame kwa milisekunde au kwa saa, milipuko inabaki milipuko, wastani hauilainishi. Mwaka 1995 watafiti Paxson na Floyd wakaeleza kwamba watu kuanza kazi kwenye mtandao bado kunaweza kufuata hesabu za kale ndani ya saa moja, ila pakiti hazifuati. Kwetu hata huko kuanza hakufuati. Boti moja ikigati, makarani wote wanaanza dakika ileile.

Nilipopiga kelele wakarudia majaribio. Safari hii wakarusha pakiti zangu zilezile kwa tcpreplay, programu ya kurudia pakiti zilizonaswa, wakaleta grafu: seva imetulia, tumefaulu tena. Jamani! Seva huchagua namba mpya ya kuanzia kwa kila muunganisho wa TCP (utaratibu wa kompyuta mbili kuunganishwa na kuhesabiana data), na pakiti za zamani zinajibu namba za zamani. Hakuna muunganisho hata mmoja uliokamilika, programu yenyewe haikuona ombi lolote. Seva ilitulia kwa sababu ilikuwa inakataa kila kitu mlangoni.

Kunasa peke yake hakutoshi, na hili nalo niliwaambia. Faili inaonyesha watu walivyofanya mfumo ukiwa mzima. Mfumo ukisuasua, yule mama anabonyeza mara tano, na ombi moja linakuwa matano wakati seva imeshalemewa. Ndiyo maana unajenga modeli, yaani programu inayoiga soko: boti kugati, kundi la makarani kuanza, kila karani kukaa akipima gunia kabla ya kutuma linalofuata, simu kuchelewa, mtu kukata tamaa na kubonyeza upya. Unaipa modeli vipimo kutoka kwenye faili, unatoa trafiki mpya, unailinganisha na ile halisi. Zikifanana, ndipo unaongeza mara mbili, mara tatu, uone inaangukia wapi. Nilikadiria siku nne za kazi. Wakaniambia muda hakuna, tarehe ya uzinduzi imeshapangwa.

Sasa wanatangaza kuongeza seva ya pili, kwa gharama itakayokatwa kwenye kila gunia. Mwisho wa miunganisho bado ni 200, nimeuangalia jana. Kama kuna mtu humu amewahi kumlazimisha mzabuni kurudia majaribio kabla ya malipo ya mwisho, naomba aniambie ni kifungu gani cha mkataba alichotumia. Giza linaanza tena Jumanne.