MREJESHO: Chupa za kung'aa gizani

Wakuu, ni mimi niliyeuliza namna ya kufanya chupa za glasi zing'ae gizani bila umeme. Nimefuata ushauri wa kuachana na zinki salfaidi (poda ya zamani ya kung'aa gizani) nikachukua stronti aluminati, poda nyingine inayofyonza mwanga na kung'aa gizani, nikaikoroga kwenye epoksi (gundi ya maji maji inayogeuka ngumu) maana kwenye rangi ya maji inaharibika, nikamimina ndani ya chupa huku naizungusha taratibu mpaka ikashika kote. Aisee ikipigwa jua mchana usiku inawaka kijani hatari, kufikia alfajiri ndo unaiona kwa mbali. Poda ya bluu imenikatisha tamaa, inafifia mapema. Halafu chupa ya kwanza poda ilituama kwenye kitako ikaacha mabaka, aliyesema nisubiri epoksi ianze kuwa nzito ndo nimimine, mkuu ubarikiwe, iliyofuata imetoka safi. Glasi za kunywea nimepaka nje tu, kwenye kitako. Asanteni sana wadau.