Mkusanyiko wa mtu binafsi ndani ya makumbusho: tunatazama sanaa ya Afrika au chaguo la mwenye mali?

Mwalimu wa Sanaa
Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa somo kuhusu maonyesho ya mwaka 2005 katika Makumbusho ya Sanaa ya Houston, Marekani, ambayo yaliitwa ya sanaa ya Afrika ya leo ilhali kazi zake zilitoka katika mkusanyiko wa Jean Pigozzi, tajiri anayekusanya kazi za sanaa. Mkusanyiko huo, wenye kazi za George Lilanga wetu pamoja na za Chéri Samba na Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, ulianza baada ya Pigozzi kuvutiwa na maonyesho ya Paris ya mwaka 1989, Magiciens de la Terre, akamchukua André Magnin, aliyekuwa miongoni mwa waandaaji, amtafutie wasanii barani Afrika. Je, niwaambie wanafunzi kwamba hiyo ndiyo sura ya sanaa yetu ya kisasa?

Mkereketwa
Hapana, Mwalimu, usiwaambie hivyo. Pigozzi aliwapendelea wasanii wanaoishi Afrika kusini mwa Sahara, na wengi wao hawakupita katika vyuo vya sanaa. Lilanga, mchongaji wa Kimakonde aliyehamishia mashetani yake, wale viumbe wa ajabu wa uchongaji wa Kimakonde, kwenye rangi zinazong'aa, anaingia bila shida, lakini mkondo wa wasomi wa Chuo cha Makerere, Uganda, kama Sam Ntiro na Elimo Njau, ambao bila wao historia ya uchoraji wa Afrika Mashariki haisimuliki, unabaki pembeni. Mtu akinunua kwa fedha zake ana haki ya kuchagua apendavyo. Tatizo linaanza pale makumbusho yanapolipa chaguo hilo jina la bara zima.

Mtazamaji
Naongeza suala la fedha, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Mkusanyiko wa Charles Saatchi, tajiri wa Uingereza, ulionyeshwa London mwaka 1997 kwa jina la Sensation, na mwaka uliofuata akapiga mnada kazi zipatazo 130 kutoka katika hazina yake kupitia Christie's, kampuni ya minada. Maonyesho hayo ya Sensation yalipofika Makumbusho ya Brooklyn, New York, mwaka 1999, kelele zote zilielekezwa kwenye mchoro wa Chris Ofili wa Bikira Maria wenye kinyesi cha tembo, wakati swali lililostahili kuulizwa mapema ni kwa nini Saatchi mwenyewe aliahidi kuchangia gharama za maonyesho dola 160,000 na Christie's ikawa miongoni mwa wafadhili. Kazi iliyotundikwa katika makumbusho yenye heshima hupanda thamani, na faida humwendea mmiliki. Baada ya sakata hilo, mwaka 2000 chama cha makumbusho cha Marekani kilitoa mwongozo kuhusu maonyesho ya vitu vya kuazima.

Binti wa Mtwara
Ndugu zangu, tusiwahukumu wakusanyaji wote kwa kosa la mmoja. Majiji ya Kingelez, yaani sanamu zake za miji ya kubuni, yametengenezwa kwa karatasi na maboksi, vitu ambavyo unyevunyevu na mchwa wangevimaliza mapema kama asingepatikana wa kuvinunua na kuvitunza. Mwaka 2018 MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ilimfanyia maonyesho makubwa, na mwaka 2019 Pigozzi akaikabidhi makumbusho hiyo kazi 45 za wasanii wa Afrika. Kinachonikera ni kwamba zawadi hiyo haikuelekezwa Kinshasa wala Dar es Salaam. Mwalimu, wape wanafunzi orodha ya wasanii wa Houston, kisha waulize ni nani wa Afrika Mashariki wangemwongeza na kwa sababu gani.