Bibi ananyamaza nikiwasha simu: nimrekodi vipi habari za mkonge?

Mjukuu_Muheza:
Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Bibi yangu mzaa baba ni Muha wa Kasulu, alimfuata babu kwenye mkonge huku Tanga. Jioni akichambua dagaa hahitaji kuulizwa: walivyokwenda kwa miguu mpaka Uvinza kupanda treni, walivyoshushwa Morogoro wakapakiwa kwenye lori, babu alivyopewa namba na mnyapara akawa anamwita kwa namba hiyo hiyo. Sasa washa simu umrekodi! Anajifunga kanga upya, anakaa kama yuko mbele ya hakimu: "Tulikuja, tukafanya kazi, basi." Mwaka nao, leo 1955, kesho 1961. Wadogo zangu Kiha hawajui hata salamu. Nifanyeje?

Mzee_wa_Korona:
Marahaba. Jina langu lisiwatishe, korona kwetu ni mashine ya kuchakata mkonge, ilikuwepo kabla ya ugonjwa. Mimi nimezaliwa kambini, Korogwe.

Miaka achana nayo. Muulize, "Uhuru ulikukuta wapi? Ulikuwa unamnyonyesha nani?" Na hilo lori usilipite hivi hivi. Reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilifunguliwa 1963. Kabla ya hapo treni ya Kigoma haikuwa na njia ya kufika Tanga. Kama walimalizia safari kwa lori, yaelekea walikuja kabla. Bibi tarehe kakupa, wewe hukuisikia.

Jambo jingine: usimwanzie na neno "manamba", yaani vibarua wa mkonge waliokuwa wakiitwa kwa namba. Sisi tulipigana sana shuleni kwa kuitwa watoto wa manamba.

Dogo_Janja_T:
Si uifiche tu simu chini ya ungo?

Mzee_wa_Korona:
Umrekodi bibi yako kama mwizi? Mwambie, akikubali ndipo uiweke pembeni asiione.

Mwisho_wa_Reli:
Mtafute Muha mwenzake aje. Mama yangu kwa Kiswahili alinisimulia dakika tano. Alipokuja shangazi kutoka Kigoma, yale makofi ya salamu tu yalichukua muda, halafu wakaongea mpaka jogoo akawika. Mimi nilishika robo, nyingine nilitafsiriwa baadaye.

Mjukuu_Muheza:
Nimerudi. Muha sijampata bado, lakini nilinunua dagaa kilo nzima, nikamwambia bibi nataka kurekodi, akasema "iweke huko." Nikaanza na swali la mzee. Kumbe aliyekuwa ananyonya safarini ni baba mkubwa, na huyo ni wa 1958! Anasema alilia toka Uvinza mpaka mama mmoja wa Kinyamwezi aliyepandia Tabora akambeba mgongoni, yeye bibi akapata usingizi. Akanionyesha kwa ile kanga yake mtoto alivyofungwa.

Tatizo lilikuja nilipomsikilizisha. Kwanza akauliza, "Huyu anayeongea ni nani?" Halafu akaanza kujibishana na simu: "Si kweli, babu yako hakuwemo kwenye treni, alishatangulia. Nilikuja na dada."

Wakuu, mimi nina miaka thelathini na moja na sijawahi kusikia kama bibi ana dada. Nikamuuliza yuko wapi, akaniambia dagaa wameisha, nikalale.