Deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, akishamaliza saa 45 za wiki, tripu ya Jumamosi ni haki yake au ni hatari yetu sote?

Mleta mada, Mabawa, Tanga

Wakuu, salaam. Naendesha semi kupitia wakala. Jumatatu mpaka Ijumaa natoa mzigo bandarini hapa Tanga kupeleka yadi, saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukitoa saa moja ya kula. Hizo ni saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, vilevile inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mshahara ukifika tarehe 20 uko hoi.

Sasa kuna tajiri mwenye semi mbili za chokaa, anapakia Amboni anashusha Dar. Jumamosi ananiita: posho mkononi, mafuta yake, tandiboi (utingo) wake. Mwezi uliopita nimemfanyia wikiendi tatu. Juzi mtu wa wakala kanibana: "Ukionekana kwenye usukani wa mtu mwingine, usirudi." Kisa, eti saa za kazi. Na huyohuyo nilipomwomba ovataimu alisema hana. Hana kazi ya kunipa, na hataki niitafute. Wikiendi ni yangu au yake?

Afisa Tripu

Mkuu, mimi ndiye napanga magari kwenye kampuni ya watu, kwa hiyo nitakwambia lisilopendeza. Chukua kalamu. Tanga hadi Dar ni kilomita kama 350. Gari la mzigo halitakiwi kuvuka 80, na penye makazi ni 50. Muheza, Segera, Kabuku, Mkata, kote huko unatembea na 50 na tochi ya trafiki ya kupima mwendo inakuangalia. Weka na mizani. Kwenda umekula saa tisa, kurudi tupu saba, na kupakia na kushusha sijagusa. Wikiendi moja saa 16.

Sheria inaruhusu ovataimu saa 50 ndani ya wiki nne. Wewe kwa wikiendi tatu una 48. Ya nne ukiifanya umeshapita. Na hizo 50 mwajiri anazilipa mara moja na nusu, siku ya mapumziko mara mbili. Tajiri wa chokaa alikulipa Jumapili mara mbili?

Kuna jambo jingine watu hawalitazami: saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Jumapili ulikuwa unarudi saa ngapi?

Mleta mada

Saa tano usiku. Jumatatu saa moja nipo getini. Na usinihesabie saa nane za kulala, maana chokaa haitoki mwilini kwa ndoo moja ya maji.

Kijiwe cha Barabara ya 12

Hii nchi ina ajabu. Daktari anatoka hospitali ya serikali jioni anaingia zahanati binafsi, hakuna anayemuuliza saa. Mwalimu tuisheni mpaka usiku. Ila dereva akitafuta senti mbili, kila mtu anakuwa mwanasheria. Mwacheni kijana apige kazi.

Mzee wa Segera

Mwanangu, mwalimu akisinzia chaki inaanguka. Huyu akisinzia ana tani 56 mgongoni.

Nimeendesha miaka 31, nimestaafu nauza machungwa. Niwape yangu. Nilitoka Dar usiku wa pili bila kulala. Nakumbuka nimepita Manga. Kinachofuata ninachokumbuka ni matuta ya Mkata yakinitingisha meno, utingo wangu ameshika usukani kwa mkono mmoja na kunipiga kofi kwa mwingine. Baina ya Manga na matuta yale sina habari nani aliendesha. Sikuwa nimefumba macho, wallahi. Macho yalikuwa wazi, nilikuwa naiona barabara, ila ilikuwa barabara ya ndotoni. Gomba, yaani mirungi, nilikuwa nalo shavuni. Gomba linakuzuia kulala, halikupumzishi.

Zamani lile daraja jembamba la Wami lilikuwa linatulazimisha kusimama kusubiriana. Tulikuwa tunalitukana. Tangu lifunguliwe jipya mwaka 2022 hamna kusubiri, unateremka na kupanda moja kwa moja. Sisemi lilikuwa zuri. Nasema lilikuwa linatuamsha.

Ila na mimi simlaumu kijana. Aprili 2015 madereva tuligoma nchi nzima, na moja ya tuliyoyalilia ni mikataba. Miaka imepita, bado mtu anaitwa kwa simu na kulipwa dirishani.

Mama Wawili, Makorora

Shikamoo mzee. Mimi si dereva, nimeolewa na dereva. Jumapili ya juzi wangu alirudi, nikamwekea wali na dagaa, nikaingia jikoni kuchukua pilipili. Narudi amelala, tonge bado liko vidoleni. Binti yetu ndiye aliyemfuta mkono kwa kanga. Nikamwambia aache hizo tripu za wikiendi. Akanijibu, "Basi wewe mwambie mwenye nyumba." Nikanyamaza. Kwa hiyo kaka yangu wa Barabara ya 12, usiseme apige kazi kana kwamba anayepigwa ni mtu mwingine.

Mtanga wa Felixstowe

Nipo Uingereza, naendesha kwa wakala kama mleta mada. Huku gari ina takografu, kifaa cha kurekodi saa za usukani, na kadi yake ni ya dereva. Ukishuka gari la kampuni hii ukapanda la nyingine, unachomoa kadi unaenda nayo, na saa zako zinakufuata. Kuendesha ni saa 9 kwa siku, mara mbili kwa wiki unaruhusiwa 10. Wiki moja mwisho 56, lakini wiki mbili zikijumlishwa zisivuke 90. Kila saa nne na nusu za usukani, dakika 45 za mapumziko. Hapo ni kuendesha tu. Kazi yote, kupakia ndani yake, wastani ni saa 48 kwa wiki, na wiki moja isizidi 60. Ukiwa na waajiri wawili, unatakiwa kumwandikia huyu saa ulizofanya kwa yule.

Watu wanakwepa? Wanakwepa. Mtu anapanga maboksi ghalani Jumapili na haandiki popote, Jumatatu anapanda gari na kadi safi. Na vijana bado tunasaka Jumamosi kama nyinyi, kwa sababu saa ya wikiendi mara nyingi inalipa zaidi. Tofauti ni kwamba tunalipwa kwa saa. Foleni ikinikamata, naendelea kulipwa. Nyinyi mnalipwa kwa tripu, ukisimama kulala umejikata mwenyewe.

Afisa Tripu

Hapo umegusa. Sheria yetu inambana mwajiri. Wakala anajua 45 zake, tajiri wa chokaa anajua 16 zake, kila mmoja daftari lake safi. 61 haziko kwenye daftari la mtu, ziko kwenye macho ya dereva. Wanaofaidi ni wote wawili: mmoja hakulipi ovataimu, mwingine hakulipi Jumapili.

Na ukianguka na chokaa? Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipwa na mwajiri. Huyo wa posho mkononi amekuandikisha wapi?

Kijiwe cha Barabara ya 12

Sawa, nakubali hilo la macho. Lakini mnamalizia kwa dereva kila siku. Serikali mwaka 2014 ilipiga marufuku mawakala kuwa waajiri wa watu wanaowapeleka kwenye kampuni, na hapa tunaongelea nini? Wakala. Mkianza kuhesabu saa, anzeni na mshahara. Mkileta kadi ya Ulaya kwa mshahara wa Tanga, mtu atakuwa na kadi mbili, moja ya shemeji yake.

Mtanga wa Felixstowe

Haha, hilo huku pia lipo, na wanafungwa.

Mleta mada

Nimesoma zote, shukrani, na mzee shikamoo. Nilikuja hapa nikitaka mniambie wakala anakosea. Bado nasema anakosea, kwa sababu hakunikataza kwa kuhofia usingizi wangu, alihofia gari lake Jumatatu. Angehofia usingizi angenipa hizo saa 12 za ovataimu kwa wiki, nikafanyia hapahapa mjini, nikalala kwangu.

Kwa sasa nimempigia tajiri wa chokaa. Nimemwambia naenda, lakini nashusha Jumamosi, nalala Dar, naondoka Jumapili alfajiri ili saa saba mchana niwe Tanga, na siku ile ailipe kama siku ya mapumziko. Amecheka, akasema atanirudia. Ni Ijumaa saa mbili usiku sasa hivi. Tandiboi wake ameniambia gari limeshapakiwa, na dereva yupo.

Mama Wawili, Makorora

Dereva ni nani?

Mleta mada

Kijana wa Duga. Naye ni wa wakala, tunapishana getini kila asubuhi.