Projekta imeandikwa 1080P, nimehesabu pikseli ukutani ni 854 kwa 480. Muuzaji kanizungusha na "rekebisha" mpaka siku za kurudisha zikaisha

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimezungushwa wiki mbili nzima kwa neno moja, "rekebisha", na siku moja tu kabla muda wa kurudisha bidhaa haujakatika ndipo nilipojua kwamba tangu siku ya kwanza hakukuwa na cha kurekebisha.

Nilinunua projekta ya bei ya chini kwa ajili ya filamu za sebuleni. Sikutegemea ukumbi wa sinema. Nilichotaka ni mama yangu, ambaye macho yake yameanza kuchoka, aweze kusoma tafsiri zinazopita chini ya filamu bila kusaidiwa na mtu. Kwenye boksi kumeandikwa 1080P (yaani pikseli, vile vimiraba vidogo vinavyounda picha, ni 1920 kwa 1080) kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa yenyewe, chini yake "inapokea 4K", na ubavuni lumeni (kipimo cha mwanga) 12,000. Kwenye tangazo ni hivyo hivyo. Nikalipa.

Usiku wa kwanza niliiweka mezani, mita 2.5 kutoka ukutani. Picha ikatoka na upana wa sentimita 177, yaani inchi 80 kona kwa kona. Taa nimezima, mapazia nimefunga. Filamu ikaanza. Herufi "m" na "n" zilikuwa zimegandana, "e" imezibwa katikati. Mama akauliza, "Hapo wanasemaje?" Nikamsomea. Akauliza tena, nikamsomea tena. Mara ya tatu hakuuliza. Alinyamaza akawa anaangalia picha tu. Usiku uleule nikamwandikia muuzaji.

Jibu lilikuja kesho yake: "Bosi, zungusha fokasi taratibu." Nikazungusha. Katikati pakikaa sawa, kona zinalegea. Kona zikikaa sawa, katikati panalegea. Nikatafuta pa wastani nikaacha hapo, na baada ya dakika kama 20 picha ikawa imelegea upya, kwa sababu ndani kumepata joto na lenzi imesogea kidogo. Hili ni jambo la kweli na linasaidia kulijua: washa projekta, iache nusu saa ipate moto, ndipo ushike fokasi. Nilifanya hivyo. Tafsiri zikapata nafuu kidogo sana. "m" bado ilikuwa doa.

Siku ya nne akaniambia: "Tumia kistoni, picha inyooke." Kistoni ni kile kitufe cha kunyoosha umbo la picha iliyopinda. Hapa nataka nikae kidogo, maana wengi tunadanganyika hapa, na wauzaji wanaitangaza kistoni kana kwamba ni sifa kubwa.

Ukiweka projekta chini ukaiinua pua ielekee juu, picha inapanuka upande wa juu na kubana upande wa chini. Kistoni ya kielektroniki hainyooshi mwanga. Lenzi inabaki ilivyo, kioo cha ndani, kile kidogo chenye pikseli kinachotengeneza picha, kinabaki kilivyo. Programu inachukua picha yako na kuibana ndani ya kioo kilekile ili ikifika ukutani ionekane mstatili ulionyooka. Pikseli za pembeni zinaachwa nyeusi bila kazi, na zilizobaki ndizo zinazobebeshwa picha nzima. Kila ukiongeza kistoni, unapunguza pikseli. Na taa ya nyuma inaendelea kuwaka kote, kwa hiyo zile pikseli "nyeusi" zinavujisha mwanga. Ndiyo maana ukiangalia vizuri gizani unaona utepe wa kijivu umeizunguka picha, mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Ukiuona utepe huo, ujue umbo halisi la picha yako ni lile la kijivu, na filamu imefinywa ndani yake.

Mimi niliuona utepe huo. Mpana karibu kiganja kizima upande wa kushoto. Nikamtumia picha. Akasema ni kawaida.

Nikazima kistoni kabisa, nikafanya kazi kwa mikono. Yangu inarusha picha moja kwa moja mbele, haiirushi juu, kwa hiyo lenzi inatakiwa ikae usawa wa katikati ya picha, na itazame ukuta sawasawa, isipinde kulia wala kushoto. Nikafunga rafu ukutani nyuma ya kochi. Nikapima kutoka lenzi hadi kona ya juu kushoto ya picha, kisha kona ya juu kulia, nikasogeza mpaka vipimo viwili vikalingana. Kisha kona za chini. Kazi ya jioni nzima, kupanda na kushuka kwenye ngazi. Utepe ukaisha, picha ikawa mstatili ulionyooka bila kistoni hata kidogo. Wenye nafasi ya kuitundika darini, igeuzeni juu chini na kwenye menyu kuna chaguo la kupindua picha; kwa aina kama yangu lenzi bado ishuke mpaka usawa wa katikati ya picha, matokeo yawe yale yale. Nasema haya ili mtu asije hapa kuniambia sikuifunga vizuri. Niliifunga vizuri. Tafsiri zikawa bora kuliko wakati wa kistoni, lakini mama bado hasomi.

Siku ya saba: "Badilisha waya wa HDMI." Nikanunua waya mpya. Hakuna kilichobadilika, na hakuna kingeweza kubadilika. Waya mbovu wa HDMI unakuletea vidoto vinavyometameta, picha inayokatika, au giza. Hauzibi herufi.

Siku ya tisa: "Kwenye king'amuzi au kompyuta chagua 4K, itaongeza ubora." Nikachagua. Herufi zikazidi kuharibika. Nikarudisha 1080. Nikaingia kwenye menyu ya projekta, sehemu ya taarifa, ikaandika 1920x1080, 60Hz. Nikajilaumu. Nikafikiri basi kweli ni 1080, labda ukuta wangu una tatizo. Wakuu, maandishi yale hayahusu kioo cha projekta. Yanakuambia ni mawimbi gani yanaingia kutoka kwenye waya. Projekta yenye kioo kidogo inapokea 1920x1080, inaikandamiza mpaka itoshee kioo chake, na bado inakuandikia 1920x1080. Neno "inapokea" kwenye boksi maana yake ni hiyo tu. Mtu wa kawaida atalijulia wapi?

Siku ya 12: "Bosi, tatizo ni ukuta. Nunua pazia la projekta." Yaani nitoe hela nyingine.

Usiku wa siku ya 13 mama alikwenda kulala mapema. Nikabaki sebuleni na rula ya shule ya sentimita 30. Nikaweka picha nyeupe tupu, kistoni imezimwa, ukubwa wa picha asilimia 100. Nikausogelea ukuta mpaka pua inakaribia kugusa. Kwa karibu hivyo unaona picha si picha tena, ni vimiraba, na kati ya kimiraba na kimiraba kuna ufito mweusi kama wavu wa dirishani. Nikaegesha rula kwa kulala, nikaanza kuhesabu vimiraba ndani ya sentimita 10, nikivifuata kwa ncha ya penseli. Nikapata 48. Nikahesabu mahali pengine, 48. Nikahesabu mara ya tatu karibu na kona, 48.

Sasa fanyeni hesabu nami. Picha ina upana wa sentimita 177. Kama kweli ni pikseli 1920 kwa upana, ndani ya sentimita 10 lazima ziwepo 108. Zangu 48. Zidisha 48 kwa 17.7, unapata karibu 850. Hicho ni kioo cha 854 kwa 480. Kila pikseli kwenye ukuta wangu ina upana wa milimita 2, na ndiyo maana "m" haikuwa na mahali pa kuweka miguu yake mitatu.

854 mara 480 ni pikseli 409,920. 1920 mara 1080 ni pikseli 2,073,600. Nimeuziwa sehemu moja ya tano ya kilichoandikwa kwenye boksi. Sehemu moja ya tano! Na kwa siku 13 mtu anayejua anachouza ananiambia nizungushe fokasi. Hakuna fokasi, hakuna kistoni, hakuna waya, hakuna pazia litakaloleta pikseli ambazo hazikuwekwa kiwandani.

Asiyetaka kuhesabu ana njia nyingine. Tengeneza kwenye kompyuta picha ya 1920x1080 yenye mistari ya wima myeusi na myeupe, kila mstari pikseli moja, uirushe bila kukuza wala kupunguza. Kioo cha 1080 cha kweli kitakuonyesha mistari ukisogea karibu. Kioo cha uongo kitakuonyesha kijivu, au mawimbi mapana yasiyokuwepo kwenye picha uliyotengeneza. Kwangu ilikuwa mawimbi.

Baada ya hapo sikuamini kitu chochote kwenye lile boksi, nikaenda kwenye mwanga. Kipimo kinachoeleweka ni lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa utaratibu wa taasisi ya viwango ya Marekani: unagawa picha nyeupe katika vyumba tisa, unapima lux (mwanga unaoangukia kila mita ya mraba) katikati ya kila chumba, unachukua wastani, unazidisha kwa eneo la picha kwa mita za mraba. Nikaazima kipima mwanga kwa rafiki fundi umeme. Wastani wangu ulikuwa lux 85. Picha ni mita 1.77 kwa mita 1, kwa hiyo 85 mara 1.77, ni lumeni 150. Boksi linasema 12,000. Muuzaji akikuandikia "lumeni" bila neno ANSI au ISO (viwango vya kimataifa) mbele yake, anaweza kuwa amepima balbu ikiwa uchi, au hajapima kitu.

Nisiwe mwongo kama wao: gizani kabisa, lumeni 150 kwa inchi 80 zinatazamika. Hazifikii kiwango cha sinema za dijitali, ambacho ni kandela (kipimo cha mng'ao) 48 kwa mita ya mraba katikati ya pazia. Yangu kwa hesabu (lux 85 gawa kwa 3.14, kwenye pazia jeupe) inapata kama 27, na kwenye ukuta wa rangi ya kawaida inapungua zaidi. Lakini filamu ya mchana wa jua unaiona. Ukiwasha taa moja tu ya sebule, weusi wote unakuwa kijivu na sura za watu zinapauka. Na ile picha ya kwenye tangazo, familia imekaa mchana dirisha wazi, inchi 150 ukutani, rangi zinang'aa? Ukiongeza upana wa picha mara mbili, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo mara nne. Hiyo picha imebandikwa kwa kompyuta, na walioibandika wanajua.

Kuna mengine, nayapitia haraka. Kuakisi kioo cha simu bila waya ili kurusha filamu kunatoa sauti na picha nyeusi kwa huduma nyingi za kulipia, kwa sababu zimefungwa kwa ulinzi wa hakimiliki. Tundu la USB la nyuma halina nguvu ya kutosha kuendesha kijiti cha kutazamia filamu, kikawa kinajizima na kuwaka, mpaka nilipokichomeka kwenye chaja ya ukutani. Spika ya Bluetooth inachelewesha sauti, midomo inafunga neno linafuata, nikarudi kwenye waya wa sauti. Haya ningeyavumilia yote. Bei ni ya chini na nilijua.

Uongo ndio sivumilii. Wangeandika 480 kwenye boksi, ningeamua mwenyewe. Pengine ningeinunua kwa ajili ya watoto na katuni. Pengine ningesubiri miezi mingine nipate yenye kioo halisi cha 1080. Wamenipokonya uamuzi huo, kisha wakanipokonya na muda wa kuurekebisha.

Asubuhi ya siku ya 14, ambayo ndiyo ya mwisho ya kurudisha, nilituma picha ya rula ikiwa ukutani, hesabu yote, na ombi la kurudishiwa hela yangu. Ujumbe ulisomwa saa hiyohiyo. Hakujibu mchana. Hakujibu usiku. Alijibu siku ya 15 jioni: "Bosi, samahani, muda wa kurudisha umeisha. Jaribu kusogeza projekta karibu kidogo kisha urekebishe fokasi."

Nataka hela yangu. Nimefungua malalamiko kwa waendeshaji wa soko nilikonunua, nikaambatanisha jumbe zote za muuzaji na tarehe zake, kwa sababu zile jumbe ndizo zinazoonyesha siku zilivyoliwa. Kama kuna mdau aliyewahi kushinda shauri la namna hii baada ya muda kupita, naomba aniambie alitumia ushahidi gani na alimwandikia nani.

Na kama unayo uliyonunua wiki hii na bado hujamaliza siku zako, chukua rula usiku wa leo. Pima upana wa picha, hesabu vimiraba ndani ya sentimita 10, niandikie namba zako hapa chini tuzipige hesabu pamoja. Picha ya ukuta wangu na ile rula naiweka kwenye posti inayofuata.