Je, Misri ya kale ilikuwa na mjanja kama Sungura wetu?

Mwalimu wa Mikindani
Ndugu zangu, salaam. Jana jioni, tulipokuwa tukibangua korosho, niliwasimulia wajukuu kisa cha Sungura, na mmoja akauliza kama Wamisri wa kale nao walikuwa na mjanja wao. Buibui Anansi wa Waashanti wa Ghana ninamfahamu. Misri ndiyo iliyonishinda.

Msomaji wa Kilwa Masoko
Shikamoo, mwalimu. Wengi humtaja mungu wao Set, lakini mimi simhesabu, kwa kuwa kumuua nduguye Osiris ni ukatili, si ujanja. Mtazame mungu wao wa kike, Isis: alichukua mate yaliyomdondoka Ra, mungu wa jua aliyekwisha kuzeeka, akayakanda na udongo, akaumba nyoka na kumtega njiani. Ra alipoumwa, hakuponywa mpaka alipolitoa jina lake la siri, ambamo nguvu zake zilikaa.

Mkazi wa Nachingwea
Hapo umenena. Anansi naye alizinunua hadithi zote kwa Nyame, mungu wa mbingu, kwa werevu wa namna hiyo: chatu alimfunga kwenye fito kwa kisingizio cha kumpima urefu, na mavu akawaingiza kibuyuni kwa kuwahadaa kuwa mvua inanyesha. Ila Eshu wa Wayoruba wa Nigeria msimtie kapu moja na Sungura, kwani ni mjumbe wa miungu, naye hupewa fungu lake la sadaka kwanza.

Mwalimu wa Mikindani
Marahaba, na ahsanteni. Leo nitaanza na mate ya Ra, ingawa bibi yao atalalamika kuwa ninawaharibia chakula.